Mandhari ya Milima Kutoka Kiti cha Mbele

Mwalimu wa Kiswahili hapa Juba atakaye kuwasomea wanafunzi wake habari za safari ya gari la moshi milimani hakosi vitabu. Lakini vile vilivyovuma zaidi vimeandikwa kwa Kiingereza. Viwili kati ya hivyo vinatuhusu kwa namna ya pekee. Safari zinazosimuliwa humo zilianzia Mombasa, zikapanda reli ya Uganda, na hatimaye zikafika Gondokoro, ng'ambo ya mto kutoka mji wetu, ambako wasafiri walipanda meli ya kuelekea Khartoum. Cha kwanza ni My African Journey cha Winston Churchill, kilichotolewa mwaka 1908 baada ya ziara yake ya 1907 alipokuwa naibu waziri wa makoloni. Cha pili ni African Game Trails cha Theodore Roosevelt, kilichotolewa mwaka 1910. Mwandishi alikuja kuwinda mwaka 1909, punde tu alipotoka katika urais wa Marekani.

Tunavichukua pamoja kwa sababu waandishi wote wawili walikaa mahali pamoja: mbele kabisa ya injini, juu ya kile chuma cha kuwaondoa wanyama relini, ambapo wageni wakubwa waliwekewa kiti. Hapana shaka kwamba ndipo mahali pazuri pa kutazama. Hakuna dirisha, hakuna behewa la mbele, na moshi wote unarudi nyuma.

Kwa upande wa sanaa, Churchill ni mwandishi hodari, na si haki kumnyima sifa hiyo. Anajua kwamba urembo wa reli ile umo katika kupanda kwake, na picha zake hubadilika kadiri nchi inavyoinuka: pwani yenye miti mingi, nyika kavu, mbuga za wanyama, halafu baridi ya nyanda za juu. Aliyepita njia hiyo anafahamu kwamba maneno ni machache kuliko mambo. Kutoka Nairobi reli hupanda hadi Limuru, kisha ardhi inakatika ghafula. Bonde la Ufa limetanda chini, na mlima Longonot umesimama peke yake katikati yake. Reli hushuka kwa kuzunguka-zunguka ukingoni, hupita karibu na ziwa Naivasha, hupanda tena milima ya Mau hadi zaidi ya meta 2,500, kisha huteremka mpaka Kisumu, ziwani.

Lakini tujiulize, nani yumo katika picha hiyo? Kwa Churchill, reli ni utaratibu, na nchi yote inayoizunguka ni fujo. Roosevelt anakwenda mbali zaidi. Sura yake ya kwanza ameipa jina lenye maana kwamba reli inapita katika zama za kale mno za dunia, na anaeleza waziwazi kwamba wanyama na watu wa huku ni kama walivyokuwa wale wa Ulaya katika zama hizo. Kwa kalamu moja Wakamba, Wamaasai na Wakikuyu wamehamishiwa miongoni mwa visukuku! Hili si kosa dogo la adabu. Ni kosa la uandishi. Mwandishi aliyekwisha kuamua kwamba watu ni sehemu ya mandhari hawezi tena kuwasikia wakisema, na kwa kweli hawasemi.

Hata mteremko ule wa Bonde la Ufa una habari ambayo macho ya kiti cha mbele hayaioni. Reli ilijengwa tangu 1896 hadi 1901, na watu zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kuifanya kazi hiyo. Wapatao 2,500 walikufa. Kabla njia ya kudumu haijakamilika, mabehewa yaliteremshwa ukingoni kwa kamba za chuma. Upande wa magharibi Wanandi waliipinga reli kwa miaka mingi, wakichukua vyuma vyake na nyaya za simu, hadi kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa mwaka 1905. Miaka miwili baadaye Churchill akapita.

Hapa lugha yetu ina neno la kusema. Kiswahili kiliita chombo hiki gari la moshi. Jina hilo hakulitunga aliyekaa mbele ya injini, maana yeye moshi hauoni. Ni jina la mtu aliyesimama kando, shambani au kilimani, akauona moshi ukija. Na mandhari, neno ambalo wanafunzi wetu hulitambua upesi kwa sababu ya Kiarabu, ni kile kinachotazamwa. Halituambii nani anatazama. Ni juu ya mwalimu kuliuliza swali hilo darasani. Nasi hatukosi mfano wa zamani: Salim bin Abakari, aliyesafiri Urusi na Siberia mwaka 1896 akimfuata bwana wake Mjerumani, alisimulia safari hiyo kwa Kiswahili, na Carl Velten akaichapisha mwaka 1901. Mtumishi naye alikuwa na macho.

Wengine watasema kwamba haya yako mbali na Juba. Reli ya nchi yetu ilifika Wau mwaka 1962 katika nchi tambarare, na ile iliyotangazwa Lamu Machi 2012 haijatufikia. Ni kweli. Lakini wanafunzi wetu huenda Nimule kwa basi na lori, na vilima vya njia hiyo wanavijua kuliko Roosevelt. Kwa hiyo hatupendekezi vitabu hivi viwekwe kando. Isomwe sura ya kwanza ya kila kimoja, ifasiriwe, halafu mwanafunzi aandike mteremko uleule kama alivyouona mchunga mbuzi wa Limuru. Afanye haraka kidogo, kwani tangu 2019 reli mpya ya Kenya huingia Bonde la Ufa kwa kupita chini ya vilima vya Ngong, katika handaki la kilometa 4.5, na abiria wake hutazama giza.