Deni la Tumba

Matamasha ya kuwaenzi wanamuziki waliotangulia mbele ya haki yamekuwa mengi hapa Brussels, na sisi tunayapenda. Lakini kumuenzi mtu si kupiga nyimbo zake tu. Ni kutaja pia alikojifunza, na wale waliomshika mkono njiani. Kwa kipimo hicho tunalitazama tamasha moja tulilohudhuria majira ya baridi yaliyopita katika ukumbi mdogo kando ya Chaussée d'Ixelles. Ulikuwa usiku wa jazi wa kumkumbuka Manu Dibango, aliyefariki Machi 2020, na tangazo lake liliahidi "ngoma za Kilatini".

Kwa wasomaji wetu walioko mbali, Chaussée d'Ixelles ni barabara inayoteremka kutoka Porte de Namur hadi uwanja wa Flagey. Upande wake wa juu, kati yake na Chaussée de Wavre, ndiko iliko Matonge, mtaa uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa. Ukipita ndani ya Galerie d'Ixelles utasikia Kilingala, Kifaransa na Kiswahili cha Bukavu kabla hujafika mlango wa pili. Hapo Porte de Namur, tangu mwaka 2018, pana uwanja wenye jina la Patrice Lumumba. Anayepiga tumba katika barabara hiyo, basi, anaipiga mlangoni kwa wenyewe.

Tuanze na mazuri, maana yalikuwepo. Mpiga saksafoni hakujaribu kuiga sauti ya Manu wala kile kicheko chake kizito, bali alizichukua nyimbo na kuzisema kwa kinywa chake. Mpiga besi alikuwa mtulivu, akijua kwamba noti isiyopigwa nayo ni kazi. "Soul Makossa" ya mwaka 1972, ambayo mtu angetegemea ipigwe kwa kelele, ilianza polepole sana hata baadhi ya watu hawakuitambua mpaka ilipofika katikati.

Tatizo lilikuwa kwenye ngoma. Mpiga dramsi wa jazi huligawa pigo moja sehemu mbili zisizo sawa, ya kwanza ndefu na ya pili fupi, hivyo kipigo kidogo cha pili huangukia karibu na theluthi mbili ya safari. Mpiga tumba wa Kikuba huligawa pigo hilohilo katikati barabara. Wakipiga pamoja bila kusikilizana, kimoja kiko kwenye nusu na kingine kwenye theluthi mbili, na hawakutani kamwe. Sisi tuliosomea uhandisi hali hiyo tunaijua. Ni kama kuunga vyuma viwili ambavyo matundu yake ya bolti yametobolewa na mafundi wawili wasiosemezana. Ukilazimisha, bolti itaingia, lakini uzi wake utakuwa umekwisha haribika.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa karibu saa nzima ya kwanza. Tumba iliongezwa juu ya jazi iliyokwisha kukamilika, kama pilipili inavyonyunyizwa juu ya chakula kilichopikwa na mwingine. Kumbe muziki wa Kikuba hauongezwi juu, unaanzia chini. Una vijiti viwili vya mbao vinavyoitwa klave, na mapigo yake ni matano tu: matatu upande mmoja, mawili upande wa pili. Mara nyingi hata havipigwi, lakini kila ala inakaa juu ya mpangilio huo kama sakafu inavyokaa juu ya boriti. Boriti haipakwi rangi kupendeza wageni, ila ukiiondoa nyumba inaanguka.

Ushahidi ulikuja usiku huohuo. Katika wimbo wa mwisho kabla ya mapumziko, mpiga dramsi aliweka chini fimbo zake, piano ikanyamaza, zikabaki tumba na besi. Kwa dakika chache ukumbi wote ulipata mahali pa kusimama. Saksafoni iliporudi haikuhitaji kupaza sauti. Mama mmoja wa makamo aliyekaa mbele yetu alianza kutikisa mabega bila kuinuka kitini. Wanamuziki hawa, kwa hiyo, waliweza. Hawakuamini tu kwamba tumba inaweza kubeba nyumba.

Na hapa ndipo tunapofika kwenye lililotuuma zaidi. Msemaji wa usiku ule alitaja Douala, Paris na New York. Alitaja "joto la Kilatini" mara kadhaa. Kongo haikutajwa hata mara moja, na hatua chache tu kutoka pale ni Matonge.

Manu alizaliwa Douala mwaka 1933, akaletwa Ufaransa akiwa kijana wa miaka 15, kisha akahamia hapahapa Brussels, ambako alipiga katika klabu ya Les Anges Noirs. Ni hapo alipokutana na Joseph Kabasele, Le Grand Kallé. Kabasele na wenzake, akina Dokta Nico, Déchaud, Vicky Longomba, Brazzos, Roger Izeidi na Petit Pierre, walikuja kwa ajili ya Mkutano wa Meza ya Duara ulioanza Januari 20, 1960. "Indépendance Cha Cha" ilipigwa hapa, katika Hoteli Plaza. Manu akarekodi na African Jazz, na mwaka 1961 akaenda nao Léopoldville. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawa walicheza ugenini, na ugeni huohuo ndio uliomfungulia Manu mlango. Ukimkumbuka Manu Brussels bila kumtaja Kabasele, umesoma kitabu ukiwa umeichana sura ya pili.

Wengine watatuambia kwamba tumba ni ya Kuba, tusiidai. Nasi hatuidai. Ilikuzwa Kuba na watu waliopelekwa utumwani, wengi wao kutoka nchi za Wakongo, na kazi waliyoifanya kule ni yao. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV ilituuzia muziki huo Afrika katika santuri za GV, na wazee wetu wakajifunza. Lakini tazameni walivyolipa deni. Pale Morogoro, Salum Abdallah aliiita bendi yake Cuban Marimba. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz na Atomic Jazz ya Tanga walibeba neno jazi ingawa walipiga dansi. Waliandika kwenye jina la bendi, mbele ya kila mtu, walikochukua. Manu mwenyewe mwaka 1998 alitoa santuri pamoja na Cuarteto Patria ya Kuba na kuiita "Cubafrica", pande zote mbili katika neno moja.

Tunaloomba ni hilohilo, yaani kama Morogoro ilivyoweza kuitaja Kuba, Brussels iweze kuitaja Kongo. Mfano upo karibu. Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji, aliuchukua wimbo wa Kabasele akaupa jina la Kiswahili, "Siku ya Baadaye", akauliza yaliyotokea baada ya sherehe ya uhuru. Hakuuheshimu kwa kuunakili. Aliuheshimu kwa kuujibu, na jina la wimbo wa asili akaliacha palepale.

Hili si suala la fahari tu. Watoto wetu wanaozaliwa huku husikia tumba ikiitwa ya Kilatini shuleni, redioni na kwenye matangazo, mpaka wanaamini kwamba walichoachiwa na babu zao ni lugha ya nyumbani na chakula tu. Neno moja la msemaji lingetosha kuwafungulia njia ya kuuliza.

Kwa waandaaji, basi, ombi letu ni dogo. Safari ijayo msianze mazoezi na piano, anzeni na tumba na besi, kisha wengine waingie mmoja mmoja. Na kwenye tangazo, baada ya neno Kuba, ongezeni neno Kongo. Kwa wasomaji wetu: nendeni, mlipe kiingilio, mchukue watoto, mkae karibu na mpiga tumba. Mikono yake itawaeleza kuliko sisi.