Nani Atafagia Soko? Dhamira ya Kufufua Kijiji Katika Fasihi Teule

Mtahiniwa akiulizwa ajadili suala la mazingira katika tamthilia au riwaya, aghalabu huanza kuorodhesha. Taka zimetupwa ovyo, maji machafu yanapita, hewa inanuka. Hoja tano, mifano mitano, kisha anageuza ukurasa. Alama atapata, si haba. Hata hivyo, msomaji mpendwa, orodha kama hiyo haigusi swali linalowasumbua waandishi wetu wenyewe: makazi ya watu yakishaharibiwa, ni nani wa kuyafufua, na kwa zana gani?

Hebu tuanze na Kigogo ya Pauline Kea (2015), ambayo wengi wetu tumeifundisha. Soko la Chapakazi limejaa uchafu, kisha linafungwa, na Majoka anapania kujenga hoteli ya kifahari papo hapo. Miongozo mingi huishia hapa. Lakini tazama mwandishi ameiweka wapi karakana ya wachongaji: ni hapo hapo sokoni. Sudi anatakiwa achonge vinyago vya mashujaa kwa ajili ya sherehe ya uhuru naye anakataa, kwa kuwa shujaa anayemwona moyoni si yule anayetakiwa na serikali. Kwa hiyo uchongaji wake si pambo la kumtambulisha mhusika tu. Ni njia yake ya kusema soko ni la nani. Sudi na Tunu ni wasomi pia, na hawakuitumia elimu yao kujitafutia vyeo kwa Majoka. Sanaa, mazingira na elimu zimekutanishwa penye vumbi la Chapakazi. Mtahiniwa anayezitenganisha kuwa maudhui matatu yasiyojuana anaibomoa kazi ya mwandishi.

Lakini uhakiki si sifa tupu. Kigogo inakomea langoni mwa soko. Umma umemwacha Majoka na kuhamia kwa Tunu, mchezo umekwisha. Ni nani atakayezibua mtaro kesho yake? Vibanda vitagawanywaje? Utaniambia kwamba tamthilia si mpango wa maendeleo, na hapo sitabishana nawe. Ninachosema ni kwamba fasihi yetu ina mazoea ya kumwangusha mtawala kwa ustadi mkubwa na kuikimbia kazi ya kufagia.

Katama Mkangi alijaribu kinyume chake katika Walenisi (1995). Mkangi alikuwa mwanasosholojia na mwana wa Pwani yetu, aliyepata kuwekwa kizuizini mwaka 1986. Katika riwaya hii, Dzombo, aliyehukumiwa kufa, anafika katika jamii iliyokwisha kujengwa upya, ya watu walio sawa. Jina lenyewe ni fumbo jepesi: wale ni sisi. Tatizo ni njia ya kufika. Dzombo anapelekwa na chombo cha angani, na safari ya namna hiyo mwanakijiji hawezi kuitembea kwa miguu. Mmoja ametuonyesha lango na mwingine nyumba iliyokamilika. Ujenzi wenyewe hatujauona.

Ukitaka kuuona, itakubidi utoke kidogo kitabuni uende Kamiriithu, karibu na Limuru. Kuanzia mwaka 1976 wakulima na wafanyakazi wa viwanda wa kijiji kile walisomeshana kusoma na kuandika katika kituo chao, kisha wakageukia drama. Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii waliandika mchezo ambao kwa Kiswahili unajulikana kama Nitaolewa Nikipenda, na wanakijiji wakausahihisha: wazee walirekebisha nyimbo, wafanyakazi wakarekebisha yaliyosemwa kuhusu kazi zao. Jukwaa la wazi walilijenga kwa mikono yao. Mchezo ulianza Oktoba 1977, ukapigwa marufuku Novemba, na siku ya mwisho ya mwaka Ngugi wa Thiong'o akakamatwa na kutiwa kizuizini. Mwaka 1982 askari walilibomoa jukwaa. Mwalimu, simama hapo na darasa lako. Kama sanaa ni burudani tu, kwa nini mbao za jukwaa zilihitaji kuvunjwa na polisi?

Walimu wa Utange na vitongoji vingine vya Kisauni wana bahati ambayo wenzao wa mbali hawana. Machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji cha Bamburi yako jirani. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti katika jangwa lile la mawe ya matumbawe. Alijaribu aina 26, zikamea tatu tu, na mvinje ndio uliotamba. Majani yake makavu yalirundikana bila kuoza mpaka walipoletwa majongoo, wakayatafuna, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Wapeleke wanafunzi wakamwone jongoo. Watafahamu kwamba kufufua mahali huchukua miaka mingi, jambo ambalo mchezo wa saa mbili hauwezi kulionyesha.

Hata hivyo wasirudi na funzo nusu. Msitu ule ulianzishwa na kampuni, katika ardhi iliyochimbwa na kampuni. Misitu ya kaya za Wamijikenda ina historia nyingine. Ilihifadhiwa na wenyeji wenyewe kwa miiko, matambiko na amri za wazee, na mwaka 2008 baadhi yake ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hapa tunarudi kwa Sudi. Wagiriama huchonga vigango kuwakumbuka wafu waliokuwa wa chama cha Gohu. Kigango hakichongwi ili kiuzwe, wala hakihamishwi hovyo. Lakini vingi viliibwa, hasa kuanzia miaka ya 1980, vikauzwa kwa watalii na wakusanyaji, vingine vikafika katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Baadhi vimerejeshwa kuanzia 2007. Mwanafunzi wa Pwani anayeijua habari hii haelezwi mara mbili kwa nini mchongaji anaweza kukataa kazi yenye malipo.

Basi nakupendekezea swali hili kwa mtihani wa majaribio: "Ufufuaji wa Chapakazi haujaanza pale tamthilia inapoishia. Jadili." Atakayekubali kwa mifano ya uchafu peke yake, mpe alama za chini. Atakayepinga kwa kuonyesha kwamba Sudi alianza kazi hiyo siku alipokataa kuchonga, msikilize vizuri, hata kama mwongozo ulio mezani kwako hauna hoja hiyo.