Maiki ya VJ na tundu la kompyuta

Magharibi mwa Kampala, kuanzia Kasubi hadi Wakaliga, watazamaji wengi huona filamu ya kigeni haijakamilika mpaka VJ, yaani msimulizi wa filamu, aiwekee maneno ya Kiganda. Sauti ya VJ Emmie imesikika duniani kupitia Who Killed Captain Alex?, filamu ya mwaka 2010 ya Isaac Nabwana wa Wakaliga. Kwa kazi hiyohiyo Tanzania ilikuwa na Lufufu, Kenya ina DJ Afro. Kazi hii ilikulia kwenye mabanda ya video, maiki ikiingia moja kwa moja kwenye amplifaya. Ikihamia chumbani, maiki ileile ikachomekwa kwenye kompyuta, sauti hutoka nyembamba, yenye mchakacho na mvumo. Watu hulaumu maiki na kwenda kununua nyingine. Kwa maoni yangu, mara nyingi kosa liko kwenye tundu.

Chukua Shure SM58, maiki inayouzwa tangu 1966 na inayoigwa kila mahali. Ndani yake koili hutikisika kwenye sumaku, na hata sauti ya nguvu mbele yake hutoa takriban milivolti 2 tu. Tundu la waridi la kompyuta limetengenezwa kwa maiki ya aina nyingine, ile ndogo ya kwenye vipokea sauti, yenye kikuzaji chake ndani na inayolishwa volti chache na kompyuta yenyewe. Kwa hiyo SM58 inafika pale ikiwa dhaifu. Mrekodi anafungua mipangilio na kupandisha nguvu kwa desibeli 30, yaani kuzidisha volti mara 32 hivi, na mchakacho wa kadi ya sauti unazidishwa vilevile.

Laptopu yenye tundu moja ina mtego wake. Plagi yake ina sehemu nne, ya maiki ikiwa ile ya mwisho. Ukichomeka plagi ya kawaida ya sehemu tatu, kompyuta huidhania vipokea sauti na kuendelea kurekodi kwa maiki yake ya ndani. Kwarua wavu wa maiki kwa ukucha, kisha kwarua laptopu, uone mshale wa sauti unaruka wapi.

Waya nao unahitaji jicho kali. Plagi kubwa ya maiki ina pini tatu: ya 1 ni ardhi, ya 2 na ya 3 hubeba sauti ileile kwa mielekeo inayopingana. Adapta nyingi za bei rahisi huunganisha pini ya 2 na ncha ya plagi ndogo, ya 3 na pete. Kwenye tundu lenye chaneli mbili, kushoto na kulia vinapingana. Masikioni utasikia sauti, japo ya ajabu kidogo. Ikipelekwa kwenye banda lenye spika moja, chaneli zinajumlishwa na maneno ya VJ yanafutika, filamu ikibaki inavuma yenyewe. Fundi mwenye lehemu analimaliza tatizo hili: pini ya 2 kwenye ncha, ya 1 na ya 3 pamoja kwenye shina, pete iachwe wazi.

Kifaa cha USB chenye kikuzaji chake ndicho suluhisho safi, na kwa maiki ya kondensa inayotaka volti 48 kinahitajika kifaa kinachozitoa. Rekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, kiwango cha filamu, vilele vikiishia karibu na desibeli -12. Lakini asiye na fedha aazime kwanza mikisa ndogo ya kanisani na kuingiza sauti inayotoka kwake kwenye tundu la buluu la kompyuta, linalopokea sauti iliyokwisha kukuzwa. Ningefanya hivyo kabla ya kununua maiki yoyote.

Mvumo wa hezi 50 ukibaki, chomoa chaja na urekodi kwa betri. Kelele za Barabara ya Hoima na mvua juu ya mabati hazitibiwi na waya wowote. Tundika mablanketi ukutani, na usogeze mdomo: kutoka sentimita 20 hadi 10, sauti yako hupanda desibeli 6 hivi, na bodaboda za nje hubaki palepale zilipo.