Ubavu Mrefu kwa Njia ya Butembo–Beni

Suzuki Swift Sport iliyotengenezwa kati ya 2005 na 2010, ile ambayo mafundi huijua kwa namba ZC31S, ilitoka kiwandani ikiwa imevaa tairi za 195/50R16 84V. Ni gari dogo, jepesi, lenye usukani mwepesi na hamu ya kona. Mwenye gari hilo kule Hamamatsu, nyumbani kwa Suzuki, tairi zikiisha hununua saizi ile ile, mpya, za kiangazi, na shughuli imekwisha. Mwenye gari hilo Butembo, mashariki mwa Kongo, anayeshuka Beni kila wiki, akifanya vivyo hivyo anaingia barabarani na tairi nzuri iliyowekwa pasipo pake. Gari hili ni mfano mzuri wa kuchambua, kwa sababu ugumu wake ndio ugumu wa magari yote madogo ya kasi yanayoingia kwetu kutoka Japani kupitia mpaka wa Kasindi.

Tuanze na msimu, maana hapo ndipo wengi hupotezwa na maneno ya madukani. Tairi ya kiangazi ni ile ambayo mpira wake umechanganywa kwa ajili ya joto: hushika vizuri barabara yenye joto, lakini joto likishuka karibu na nyuzi 7 za Selsiasi huanza kukakamaa na kuteleza. Butembo iko kaskazini kidogo tu mwa ikweta, mstari wenyewe ukipita kati ya mji na Lubero, na kimo chake kinazidi mita 1,700. Asubuhi za Butembo ni za koti, lakini baridi yake haifikii nyuzi 7. Beni, kilomita 54 mbele na mita mia tano hivi chini, ina joto zaidi. Kwa hiyo hapa tairi ya kiangazi ni tairi ya mwaka mzima, Januari hadi Desemba, masika na kiangazi.

Sasa angalia kinachouzwa. Tairi nyingi za mtumba, na nyingi zinazofika zikiwa bado miguuni mwa gari lililoagizwa Japani, ni za theluji. Zina sura ya upya. Kashata, yale matofali ya mpira yanayokanyaga chini, ni ndefu, mpira ni laini, bei ni ya kuvutia, na mnunuzi anaamini amepata tairi ya kushika matope. Zigeuze uone ubavu. Mara nyingi utakuta neno STUDLESS limechapwa hapo, na mwisho wa namba za saizi kuna herufi Q, maana yake kasi ya juu ni kilomita 160 kwa saa. Tairi za theluji za Ulaya huwa na alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Kisha piga magoti utazame kashata zenyewe: kila moja imekatwakatwa mikato myembamba ya mawimbi, mingi mno. Mikato ile ni ya kung'ata barafu. Kwenye lami yenye joto kashata iliyokatwa hivyo hulegea na kucheza, gari huchelewa kusimama, usukani hujibu kwa kuchelewa, na mpira huisha haraka. Kwenye changarawe, jiwe kali huingia kwenye mkato na kumega kipande. Mtu aliyenunua gari kwa ajili ya breki na kona zake amelivua vyote viwili kwa dola chache alizookoa.

Umri nao husomeka hapo hapo ubavuni. Tafuta herufi DOT, fuata mpaka tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala stoo, huwa mgumu, hupasuka nyufa ndogo karibu na rimu, na ugumu huo huonekana siku ya mvua. Mimi singefunga kwenye gari la kasi tairi ambayo imeshavuka miaka sita, hata kama kashata zake hazijaguswa.

Hilo la msimu ni jepesi. Gumu ni saizi.

Katika 195/50R16, namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita, 50 ni asilimia ya upana huo inayofanya kimo cha ubavu, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Piga hesabu: ubavu una milimita 97.5. Hizo ndizo milimita zote zilizopo kati ya jiwe la barabarani na ukingo wa rimu ya alumini. Ukiingia shimoni kwa kasi, ubavu mfupi hubanwa kati ya ukingo wa shimo na ukingo wa rimu, nyuzi za ndani zikakatika. Hewa inaweza kutoka papo hapo. Inaweza pia isitoke, ukafika nyumbani salama, kesho yake ukaona nundu imejitokeza ubavuni, na hapo ujue nyuzi zimekatika na tairi inashikiliwa na mpira mtupu. Hakuna kiraka cha nundu. Kwado, yaani fundi wa pancha, hodari kuliko wote Butembo hawezi kuitibu, kwa kuwa kazi yake ni tundu la msumari kwenye sehemu inayokanyaga chini, na pale huziba vizuri kabisa.

Tazama waliofanya uchaguzi huu kwa pesa nyingi na wahandisi wengi. Safari Rally ya Kenya iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, magari yaliyokuja Naivasha yalikuwa madogo: Toyota Yaris, Hyundai i20, Ford Fiesta. Mwuzaji wa tairi alikuwa Pirelli peke yake. Magari hayo hayo yakishindana kwenye lami huvaa rimu za inchi 18 na tairi za 235/40. Yakishindana kwenye udongo na mawe, kama Naivasha, hushuka hadi rimu za inchi 15 na tairi za 205/65. Hesabu yake: ubavu wa milimita 94 kwenye lami, milimita 133 kwenye mawe. Upana umepungua, rimu imepungua, ubavu umerefuka. Na bado mawe hushinda. Mwaka 2022 dereva Sébastien Ogier alipata pancha kwenye hatua ya Kedong akapoteza zaidi ya dakika mbili, na ushindi ukaenda kwa Kalle Rovanperä. Ikiwa tairi iliyotengenezwa kwa ajili ya mawe, yenye ubavu wa milimita 133, hupasuka Kedong, ubavu wa milimita 97 unatafuta nini kwenye mashimo ya Kalunguta na Maboya?

Fomula ya gari letu, basi, ni ile ile kwa kipimo kidogo: teremka inchi moja ya rimu, pandisha ubavu, kipenyo cha jumla kibaki pale pale ili spidomita isidanganye na tairi isiguse matao. Saizi inayotoa jibu ni 185/60R15. Kipenyo cha 195/50R16 ni milimita 601.4, cha 185/60R15 ni 603, tofauti ambayo haifiki hata theluthi moja ya asilimia. Ubavu unafika milimita 111. Alama ya uzito inabaki 84, yaani kilo 500 kwa kila tairi. Herufi ya kasi inashuka kutoka V, kilomita 240 kwa saa, hadi H ambayo kwa kawaida huandikwa kwenye saizi hii, kilomita 210. Hakuna barabara Kivu Kaskazini itakayolalamika. Tena 185/60R15 ni saizi ya magari mengi madogo ya kawaida, kwa hiyo ni rahisi kuipata ikiwa mpya kuliko ya inchi 16 yenye ubavu mfupi, ambayo huenda ukalazimika kuiagiza Kampala.

Upana uliopungua milimita kumi haunisikitishi. Tairi nyembamba hupenya changarawe mpaka kwenye udongo mgumu ulio chini, na kwenye maji yaliyotuama juu ya lami huchelewa kuelea. Kinachopotea ni kidogo cha mshiko kwenye lami kavu na wepesi wa usukani kwenye kona kali, kwa kuwa ubavu mrefu hujikunja zaidi. Dereva atakihisi. Nasema akikubali, kwa sababu kilicho upande wa pili wa mizani ni kikubwa.

Hapa ni lazima kusema wazi. Tangu Oktoba 2014 wilaya ya Beni imezika watu wengi waliouawa na makundi yenye silaha, na tangu Mei 2021 mkoa wa Kivu Kaskazini uko chini ya utawala wa kijeshi. Kwenye njia ya Beni kuelekea Komanda, magari yamekuwa yakisafiri kwa misafara yenye ulinzi. Katika nchi ya namna hiyo, pancha saa kumi na moja jioni ni familia iliyosimama kando ya msitu huku giza likiingia. Ndiyo maana natanguliza uimara wa ubavu, kisha mshiko kwenye mvua, halafu ndipo raha ya kona. Kwa sababu hiyo hiyo gari linahitaji tairi ya akiba ya saizi kamili. Magari mengi ya aina hii huja na kopo la gundi na pampu ndogo badala ya akiba, na gundi haiwezi chochote dhidi ya ubavu uliochanika.

Barabara yenyewe inabadilika. Mradi wa lami ambao Marais Tshisekedi wa Kongo na Museveni wa Uganda waliuzindua mpakani Mpondwe mnamo Juni 2021 unahusu kilomita 80 za Kasindi–Beni na 54 za Beni–Butembo. Lami ikiingia kwa vipande, dereva hujikuta safari moja ikiwa na sura mbili: kipande laini cha kuongeza mwendo, kisha ukingo wa lami unaokatika ghafla na kumwangusha kwenye udongo. Ukingo ule huua tairi kuliko shimo, maana hukutwa kwa kasi. Siku lami itakapokamilika, rimu za inchi 16 zitarudi na zitastahili kurudi. Zihifadhi.

Kwa mvua, tafuta tairi ya kiangazi yenye mifereji mipana ya kuzunguka na mifereji ya pembeni iliyo wazi. Alama za ubavuni zisaidie. Kwenye tairi zilizopimwa kwa ajili ya soko la Marekani huandikwa TREADWEAR, TRACTION na TEMPERATURE. TRACTION hupima breki kwenye lami yenye maji, AA ikiwa ya juu kabisa. Kwangu A ndiyo mwisho wa kushuka. TREADWEAR ya 200 ni mpira wa mashindano, unaonata na kuisha upesi, na kwenye changarawe ni hasara tupu. Kati ya 300 na 400 ndipo penye usawa wa njia hii. Sheria za Ulaya na Japani huruhusu kashata kushuka hadi milimita 1.6, lakini breki za mvua huharibika mapema zaidi, kwa hiyo zibadilishe zikifika 3. Na udongo mwekundu uliolowa hasa, ule wa Aprili au Novemba, hakuna tairi ya kiangazi itakayoushinda: mifereji hujaa tope na tairi hugeuka kipara. Siku hiyo gari hili lisipande Butembo.

Upepo wa tairi una jambo lake la kupendeza. Ukipanda kutoka Beni, hewa ya nje hupungua mgandamizo, na kipimo cha tairi kingeongezeka karibu bar 0.06. Lakini Butembo ni baridi zaidi kwa nyuzi tatu au nne, na baridi hiyo hupunguza karibu bar 0.04. Vinakaribia kufutana. Usihangaike na mlima. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, maana kila nyuzi 10 za joto huongeza takribani bar 0.1. Na usikubali kuwekewa tyubu ndani ya tairi isiyo ya tyubu kwa ajili ya kuficha ubavu ulioumia. Tyubu husuguana na ukuta wa tairi, huchemka, na hupasuka ukiwa mwendoni.

Imebaki rimu, na hapa fundi awe makini. Rimu za Swift ya kawaida, hata zikiwa za inchi 15, zina matundu manne. Za Sport hii zina matano, kwenye duara la milimita 114.3. Toyota Noah, ambayo imejaa kwetu, hutumia matano ya 114.3 vilevile na tundu la katikati la milimita 60.1 sawa na Suzuki, kwa hiyo rimu zake za inchi 15 ni mahali pazuri pa kuanza kutafuta. Ijaribu rimu tupu kwanza, mbele, kabla ya kuivalisha tairi: izungushe kwa mkono uone kama haigusi kaliper, kisha kata usukani hadi mwisho pande zote mbili. Nati zibaki zenye uzi wa Suzuki. Uzi wake ni wa 1.25, wa Toyota ni wa 1.5, na nati ya Toyota ikilazimishwa kwa spana ndefu huharibu stadi nzima. Ukifika Beni mara ya kwanza, acha rimu zipoe, kaza nati upya, na pitisha kiganja ubavuni mwa kila tairi, upande wa ndani pia, ambako nundu hukaa muda mrefu bila kuonekana.