Herufi Nyekundu Haziwezi Kukuua

Tangu wadogo zetu wa mwaka wa mwisho wameanza kupima magonjwa ya majani kwa foto za telefone, naletewa skripti za Python karibu kila wiki. Swali ni moja: "Kaka, inatoa kosa, nifanye nini?" Na mara mingi nakuta dawa wamekwisha kujipa wenyewe mbele ya kunifikia. Wamefunga kodi ya kila foto ndani ya try, na chini wameandika except: pass. Herufi nyekundu zinapotea, skripti inakimbia mpaka mwisho, grafiki inatoka mzuri, memware inapelekwa kuchapwa.

Hiyo njo kitu nakosoa leo. Na sikosoi wadogo peke yao, juu sisi wakubwa tuliwafundisha kufikiri kama kosa ni yale maandishi mekundu.

Tuchukue OpenCV, juu karibu wote wanaitumia. Ukiipa imread njia yenye haiko, haisimamishe skripti. Inakurudishia None, ni kusema hakuna kitu, na inaendelea. Mistari kumi chini, cvtColor njo inaanguka, inasema foto iko tupu. Basi mtoto wa watu anakesha usiku mzima anachunguza cvtColor yenye haina kosa lolote, kumbe shida iko kwenye jina la folda: aliita "Données mémoire", na kwenye Windows imread inashindwa mara mingi na zile alama za juu ya herufi. Mstari mmoja wa kuuliza kama foto imefunguka kweli ungemaliza maneno. Lakini akiweka pass, foto zenye hazifunguke zinarukwa kimya kimya. Ndani ya memware ataandika foto 200, na wastani wake umetoka kwa 140. Juri haitajua. Yeye mwenyewe hatajua.

Watu wanachekelea pia yule mwenye foto zake zilitoka na rangi ya bluu. OpenCV inapanga rangi kwa BGR, Matplotlib inangoja RGB, kwa hiyo nyekundu na bluu zinabadilishana fasi. Mie nasema yule ana bahati. Kosa lake lilimpigia kelele machoni.

Langu halikupiga kelele.

Kwa memware yangu nilipima namna maharagwe yanafunika udongo, kwa foto za kutoka juu. Nilitumia ile hesabu ya kijani yenye wengi mnaijua: mara mbili kijani, toa nyekundu, toa bluu. Jani linatoa namba kubwa, udongo unatoa namba ndogo ao ya chini ya sifuri. Karatasini haina shida. Lakini foto inafunguka kwa biti 8, na biti 8 bila alama ya kutoa zinajua tu kuanzia 0 mpaka 255. Chini ya sifuri hakuna fasi, kwa hiyo NumPy inazunguka na kurudi juu.

Pigeni wenyewe. Pikseli ya jani: nyekundu 70, kijani 120, bluu 50. 240 toa 70 toa 50, inabaki 120. Sawa. Pikseli ya udongo: nyekundu 120, kijani 85, bluu 60. 170 toa 120 toa 60, ni 10 chini ya sifuri. NumPy inaandika 246. Udongo mtupu umeshinda jani kwa ukijani! Na hakuna hata herufi moja nyekundu. Ilitosha kugeuza foto kuwa float32 mbele ya kuanza kutoa.

Sasa muone nilifanya nini. Siku mbili kisha kupalilia, foto zangu zilionyesha kama shamba limefunikwa zaidi ya mbele. Mwana-agronomia yeyote angesimama hapo: umeng'oa majani, namna gani kijani kimeongezeka? Mie niliandika ukurasa mzima wa majadiliano, eti maharagwe yamepata nguvu juu magugu hayashindani nayo tena. Kwa siku mbili! Juri iliniuliza marjini na namna ya kuandika bibliografia. Hakuna aliyesema: tuonyeshe foto moja, na kando yake zile pikseli zenye umehesabu kama jani. Nilipata distinction.

Kuna kosa lingine lenye linanyamaza hata kama kodi iko safi. Wengi wanashusha PlantVillage, foto 54.306 za majani yaliyochumwa na kulazwa juu ya kitu cha rangi moja. Mwaka 2016 Mohanty na wenzake walipata zaidi ya 99% juu ya hizo. Ile namba inanakiliwa kila fasi. Lakini makala ile ile inasema kwamba kwa foto zilizopigwa katika hali nyingine ilianguka mpaka kupita 31% kidogo. Mwaka 2022 Noyan alichukua pikseli 8 tu za nyuma ya jani, jani lenyewe halimo, na bado alifikia 49%. Ni kusema mashine ilikuwa inasoma meza. Tena muhogo hauko kwenye hiyo mkusanyiko, ndizi pia hapana. Mtu wa Walungu anafanya nini nayo? Hapa jirani, Uganda, watu wa Makerere wametoa foto 21.367 za muhogo zilizopigwa mashambani, pamoja na udongo, kivuli na vidole vya mkulima. Hizo zitakupa asilimia ndogo, na utaona haya kuionyesha, lakini mama akikuuliza kama ang'oe muhogo wake, afadhali hiyo ndogo.

Kwa wadogo wenye wananiletea skripti, sasa nawaomba kitu kimoja mbele ya kufungua ordinatere: foto moja, pikseli tano, wahesabu kwa mkono kwenye karatasi. Wengine wanakasirika, wanasema nawachelewesha.

Mwezi uliopita nilirudi maktaba na karatasi ya masahihisho, niigundishe ndani ya memware yangu. Nilikuta memware mbili za nyuma yangu zimechukua namba yangu ya kupalilia, moja mpaka kwenye utangulizi. Mwenye kuangalia maktaba alisoma karatasi yangu polepole, akasema hana ruhusa ya kuongeza kitu ndani ya kitabu chenye kimekwisha kutiwa muhuri, niandike barua kwa fakilte. Nimeandika. Nangojea.