Nyumba Inauzwa, Kiwanja Kinabaki: Hesabu ya Burlington

Ruzuku ya nyumba huponyoka kwa urahisi. Serikali inamsaidia mtu wa kipato cha chini kununua nyumba kwa bei ya punguzo. Miaka mitano baadaye anaiuza kwa bei ya soko na kuondoka na lile punguzo mfukoni. Hajavunja sheria yoyote. Lakini familia inayofuata inaikuta nyumba ileile ikiwa ghali kuliko uwezo wake, na umma unatakiwa kutoa fedha upya.

Burlington, mji wa jimbo la Vermont nchini Marekani wenye wakazi wasiofika 50,000, uliziba tundu hilo mapema. Mwaka 1984, Bernie Sanders akiwa meya, mji ulitoa dola 200,000 kuanzisha shirika lisilo la faida lililoitwa Burlington Community Land Trust. Mfuko wa pensheni wa watumishi wa mji nao ulikubali kulikopesha hadi dola milioni moja. Fedha hizo si nyingi kwa kazi ya nyumba. Nguvu ya mpango ilikuwa katika mkataba.

Shirika hupata nyumba pamoja na kiwanja chake, kisha huuza nyumba peke yake. Kiwanja kinabaki mikononi mwa shirika, na mnunuzi anapewa mkataba wa muda mrefu wa kukikalia, ambao hata warithi wake wanaweza kuuendeleza. Atapaka rangi anayotaka, atapanda miti, ataongeza chumba. Mkataba unambana siku ya kuuza.

Siku hiyo anarudishiwa alichokwisha kulipia nyumba, thamani ya maboresho aliyoyafanya, na asilimia 25 ya ongezeko la bei ya soko kama lilivyopimwa na mthamini. Chukua mfano wa nyumba yenye thamani ya dola 200,000. Ruzuku inafidia 50,000, mnunuzi anabeba 150,000. Baada ya miaka kadhaa soko linaipandisha hadi 240,000. Ongezeko ni 40,000, na fungu la muuzaji ni 10,000. Kama hakuongeza chochote, mnunuzi wa pili anaipata kwa 160,000. Soko limepanda kwa asilimia 20, bei yake haijapanda hata kwa asilimia 7. Pengo kati ya bei hizo mbili, lililoanza na dola 50,000, sasa ni 80,000, na hakuna aliyeombwa kuongeza senti.

Je, ndivyo ilivyotokea kweli? Watafiti John Emmeus Davis na Alice Stokes walipitia mauzo ya marudio 205 yaliyofanyika kuanzia 1984 hadi 2008. Wanunuzi wa kwanza waliweza kuzimudu nyumba hizo wakiwa na asilimia 56.6 ya kipato cha kati cha eneo lao. Wanunuzi waliofuata walihitaji asilimia 53.4. Kwa maneno mengine, nyumba zilizidi kufikika kadiri zilivyobadilisha mikono, na hilo ndilo jambo la kushangaza kuliko yote katika habari hii. Wauzaji nao hawakutoka mikono mitupu: takriban theluthi mbili walinunua nyumba nyingine kwenye soko huria.

Mwanzoni haikuwa rahisi. Baadhi ya wenye nyumba mjini waliunda kikundi cha kuupinga mpango. Benki zilisita pia, kwa kuwa nyumba iliyo juu ya ardhi ya mwingine ni dhamana yenye maswali. Mikataba ya aina hii hujibu maswali hayo kwa vifungu: haki za benki zinalindwa, na mkopaji akianza kuchelewesha malipo shirika linaarifiwa mapema ili liingilie kabla ya mnada. Msukosuko wa mikopo ulipoikumba Marekani, vifungu hivyo vilionyesha thamani yake. Mwishoni mwa 2010, katika nyumba za mashirika ya mfumo huu nchini kote, asilimia 0.46 ya mikopo ilikuwa imefikia hatua ya nyumba kutwaliwa na benki. Katika soko la kawaida ilikuwa asilimia 4.63.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kutenganisha ardhi na jengo si jambo geni. Tanzania ardhi yote ni ya umma, na hati ya kumiliki kiwanja hutolewa kwa muda maalumu. Pwani watu wanaujua wakfu. Wakazi wa Tanzania-Bondeni, mtaa wa mji wa Voi nchini Kenya, waliuchagua mfumo kama wa Burlington katika miaka ya 1990 ili viwanja vyao visiishie kwa matajiri. Kinachofaa kuazimwa Burlington ni kanuni ya bei iliyoandikwa tangu siku ya kwanza, anayoijua muuzaji kabla hajawa muuzaji.

Kanuni hiyo ina mpaka wake. Inalinda nyumba iliyopo. Haijengi nyingine, wala haimfai asiyeweza kukopa kabisa. Mwaka 2006 shirika liliungana na lingine lililojikita katika nyumba za kupangisha, likawa Champlain Housing Trust, na leo sehemu kubwa ya nyumba zake ni za wapangaji. Ruzuku mpya hutoka kwenye mfuko wa jimbo ulioanzishwa 1987, ambao hupata fungu la kodi inayotozwa mali inapohamishwa umiliki. Masharti ya mfuko huo yanadai kwamba nyumba iliyofadhiliwa ibaki ya bei nafuu daima.