Sifa kwa Wanaovunja Seli

Wapo wanaoichunguza seli kwa darubini, na wapo wanaoisoma jenomu yake kwenye kompyuta na kutoa michoro ya rangi inayopendeza kwenye mikutano. Mimi moyo wangu uko kwa wanaoivunja. Huiponda, huizungusha kwa kasi kwenye mashine mpaka makapi yatulie chini, kisha hulitaka lile rojo linalobaki lifanye kazi ambayo jana ilikuwa ikifanyika ndani ya kiumbe hai. Likikataa, basi hawajaijua kazi hiyo, hata wawe wameiandikia vitabu.

Kazi ninayoisemea ni kunakili DNA, hasa namna inavyoanza. Seli ya binadamu ina herufi zaidi ya bilioni 6 za kunakili kila inapotaka kugawanyika. Huanzia sehemu maelfu kwa maelfu, na hairuhusiwi kuanzia mahali pamoja mara mbili; ikifanya hivyo, vipande vya kromosomu huzidi na saratani hupata upenyo. Arthur Kornberg alikwisha kuonyesha katika miaka ya 1950 kwamba kimeng'enya kilichotolewa kwenye bakteria huweza kuunda DNA ndani ya tyubu. Lakini kuurefusha uzi ni jambo moja. Nani anatoa amri ya kuanza ni jambo jingine.

Aliyefungua njia upande wa seli kama zetu alikuwa kirusi. SV40 kiligunduliwa mwaka 1960 katika seli za figo za tumbili zilizotumika kutengenezea chanjo ya polio, na kisa hicho kinastahili insha yake. DNA yake ni duara la herufi 5,243 tu. Kwa ufukara huo hakiwezi kubeba zana zote, hivyo kwa kazi hii hubeba protini moja, antijeni T, inayoshika sehemu ya kuanzia na kuzifumbua nyuzi mbili. Mengine yote hufanywa na protini za seli iliyovamiwa. Mwaka 1984 Joachim Li na Thomas Kelly wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichanganya rojo la seli za tumbili, antijeni T, na duara la DNA lenye sehemu hiyo ya kuanzia. DNA ikanakiliwa. Bila antijeni T, hakuna kitu.

Ufundi wenyewe ukaanzia hapo. Chumba cha baridi, nyuzi 4, watu wamevaa makoti. Rojo hupitishwa kwenye bomba la kioo lililojaa chembechembe zinazonasa protini, kisha hufuata maji ya chumvi yanayozidishwa ukali kidogo kidogo. Protini huachia kwa zamu, matone yakidondokea tyubu baada ya tyubu. Kila tyubu lazima ijaribiwe: ichanganywe na nyingine, zitiwe nyukliotidi, yaani herufi za DNA, zenye mnururisho, ingojewe kwenye joto la nyuzi 37, kisha itiwe asidi. DNA iliyoundwa huganda na kubaki juu ya kichujio, nyukliotidi zisizotumika hupita. Mpishi anayetaka kujua kazi ya iliki hupika pilau bila iliki. Na hawa walinyima protini moja moja hivyo hivyo, wakaijua kazi ya RPA, inayoushika uzi uliofumbuliwa usijirudie, na ya PCNA, pete inayokizuia kimeng'enya kisidondoke njiani.

Ninachokipenda zaidi ni kisa cha panya. Rojo la seli za panya lilikataa kabisa kuinakili DNA ya SV40. Mwaka 1986, katika maabara ya Jerard Hurwitz, lilipoongezewa polimerasi alfa ya seli za binadamu, kimeng'enya cha kuunda DNA, pamoja na primasi, mwenzake anayeanzisha uzi, likakubali.

Hata hivyo kirusi ni mwalimu asiye na adabu. Seli hunakili mara moja ikaacha. SV40 huanza tena na tena ndani ya seli ile ile. Kujizuia ilibidi tukajifunze kwa Xenopus, chura mwenye kucha wa kusini mwa Afrika. Mayai yake yakizungushwa kwa kasi hujitenga: mafuta juu, kiini cha njano chini, katikati rojo lenye akiba ya karibu kila kinachohitajika. Viini vya mbegu za kiume vikitiwa humo hunakili DNA yao mara moja, basi. Mwaka 1988 Julian Blow na Ron Laskey walitoboa utando wa viini vilivyokwisha kunakili, wakavitia katika rojo jipya, vikanakili tena. Wakasema kuna kibali kinachowekwa kwenye DNA mapema na kuisha kikitumiwa. Suala la utando lilikuja kurekebishwa, kibali kilisimama.

Sura yake ilionekana kwenye hamira. Mwaka 1992 Stephen Bell na Bruce Stillman walisafisha ORC, kundi la protini 6 linaloshika sehemu za kuanzia. Kwa msaada wa Cdc6 na Cdt1, ORC huivalisha DNA pete mbili za MCM, nazo hukaa hapo zimelala. Pete hizo ndizo kibali.

Mwaka 2015 Joseph Yeeles na wenzake, katika maabara ya John Diffley nchini Uingereza, waliliacha rojo kabisa. Walitumia vijenzi 16 vilivyosafishwa, polipeptidi 42 kwa jumla, na DNA ikaanza kunakiliwa kwa utaratibu wake. Kijenzi kimoja kikiharibika hupati jibu, wala hujui ni kipi.

Hapo zamu ndiyo yenye neno. Kimeng'enya CDK kikitiwa baada ya pete kuvalishwa, pamoja na mwenzake DDK na vijenzi vingine, pete huamka, kila moja hubaki na uzi mmoja na kushika njia yake. Kikitiwa kabla, huipachika ORC fosfeti na pete hazivaliki. Yaani kinachoruhusu kuanza ndicho kinachokataza kibali kipya. Waliochunguza hamira hai walikwisha kulisema hilo. Sasa unaweza kulijaribu mezani kwa kubadilisha zamu ya pipeti mbili.